Injini iliyosingiziwa: kisa cha ekskaveta iliyokuwa ikizama Kilimani

Simu ilinikuta Barabara ya Kirinyaga, nikitafuta ringi za mpira za silinda ya mtambo mwingine. Mama mwenye mtambo hakuwa na muda wa salamu ndefu. "Fundi, mashine yangu inazimika, na nimeshabadilisha kila kitu." Nikamwomba anihesabie hicho kila kitu. Filta za dizeli mara mbili. Pampu ndogo ya kuvuta mafuta. Turbo, ile inayoisukumia injini hewa, imefunguliwa na kufungwa upya. Nozeli zote sita. Pampu kubwa ya dizeli imeshushwa, ikapelekwa karakana moja Industrial Area kupimwa kwenye benchi, ikarudishwa. Shilingi 280,000 na ushee zilikuwa zimekwenda, mtambo ukiwa vilevile, na mwenye kazi alikuwa ametishia kuleta mtambo wa mtu mwingine ikifika Jumatatu.

Kabla hajakata simu nilimuuliza: "Mama, inazimika kabisa, au inazama?"

Akanyamaza. Hapa Nairobi neno "inazimika" hubebeshwa magonjwa yote. Kuna injini inayokufa ghafla kama taa: hiyo mara nyingi ni umeme, yaani solenoidi (valvu inayoendeshwa na umeme) ya kukata mafuta au waya wake. Kuna inayopanda na kushuka yenyewe bila mzigo wowote, kama mtu anayesinzia na kushtuka: hiyo mimi huanza kuishuku hewa ndani ya dizeli, labda hosipaipu ya kufyonza imepasuka au klipu imelegea. Kuna isiyopanda hata ukizungusha swichi ya mafuta hadi mwisho. Halafu kuna inayonguruma vizuri, lakini ukiipa mzigo inazama. Hii ya mwisho ndiyo inayofilisi watu, kwa sababu sauti unayosikia inatoka kwenye injini, basi kila fundi anakwenda kwenye injini.

"Inazama," akasema. "Ikigusa jiwe inazama, inalia. Ukiachilia inapanda tena."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Kilimani, mtaa wa hapa Nairobi. Walikuwa wakichimba msingi wa jengo lenye maegesho chini ya ardhi. Udongo mwekundu ulikuwa umeisha, sasa wamefika kwenye mwamba uliovunjwavunjwa na mtambo wa nyundo, na ekskaveta yetu kazi yake ni kuuzoa na kuujaza kwenye tipa. Ni mtambo wa tani 20, umeletwa kutoka Japani ukiwa umeshatumika: silinda sita, turbo, pampu ya dizeli ya kimakenika ambayo leva yake inavutwa na mota ndogo ya umeme kufuata swichi ya kuzungusha iliyo kwenye kebini. Nyuma ya injini zimefungwa pampu mbili za haidroliki, zinazosukuma oili ya kuendesha mkono na ndoo, na nyuma ya kiti cha opereta kuna kompyuta inayozisimamia pampu hizo.

Opereta alikuwa mzee aliyezeekea kwenye leva. Nilimwamkia, nikamwomba kabla ya kazi anieleze alichokiona. "Asubuhi haina neno," akaniambia. "Hawa wenzako wote wamekuja asubuhi, wakapima, wakaniona mimi mwongo. Ngoja ifike saa tatu na nusu, ikishapata joto, ndipo utaijua."

Sikupima kitu. Niliomba chai, nikakaa kwenye tofali, nikangoja. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ya mawingu tangu asubuhi hadi jioni, na kila tipa iliyojazwa nilikuwa nikiangalia ekzosi badala ya ndoo.

Mzee alisema kweli. Saa tatu ilipopita kidogo, ndoo ilipouma mwamba na mkono ukivutwa huku bumu, ile nguzo kubwa inayobeba mkono, linainuka, injini ilizama kwa sauti ya mtu anayebebeshwa gunia asilolitarajia, na moshi mweusi tii ukapanda hadi usawa wa ghorofa ya pili ya jirani.

Moshi ule peke yake ulitosha kufuta nusu ya risiti za yule mama. Injini yenye njaa ya dizeli haitoi moshi mweusi. Filta ikiziba, au hewa ikiingia kwenye njia ya mafuta, injini inazama kimyakimya, moshi hafifu au hakuna kabisa, kwa kuwa hakuna cha kuunguza. Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, na ipo kuliko hewa iliyopo. Kumbadilishia filta na pampu ya kuvuta mtu wa namna hii ni kumpikia chakula mtu aliyekwisha kuvimbiwa. Najua kwa nini wanaanzia huko: mtambo unawekewa mafuta kwa mitungi, mitungi ina maji na vumbi, na kumbukumbu ya dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haijafutika, ingawa tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa 2018 kwenye mafuta ya taa ilipunguza sana faida ya mchezo huo. Lakini mazoea si kipimo.

Yanabaki mambo mawili: hewa haitoshi, au mzigo umezidi. Upande wa hewa ulinichukua nusu saa. Filta ya hewa safi, hosi kutoka turbo haina ufa, klipu zimekaza, shafti ya turbo haichezi. Nikiwa pale niliona jambo moja nikaliweka akilini: kwenye pampu ya dizeli, skrubu inayoweka kiwango cha juu cha mafuta ilikuwa imevunjwa lakiri, na uzi wake ukang'aa kama umeguswa juzi.

Sasa mzigo. Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo kisa kilipo.

Watu wengi hudhani pampu ya haidroliki inachukua kwenye injini kile injini inachoweza kutoa. Si hivyo. Pampu ikiachwa huru itaiua injini. Chukua hesabu ya mtambo huu: kila pampu ikifunguka kabisa inasukuma lita 200 kwa dakika, mbili ni 400. Valvu ya kikomo cha shinikizo imewekwa 340 bar. Zidisha 400 kwa 340, gawanya kwa 600, unapata kilowati 227 hivi. Injini yenyewe kibao chake kinasema 105. Yaani pampu zikifunguka zote huku ndoo imekwama kwenye mwamba, zinadai zaidi ya mara mbili ya kilichopo. Kwa kilowati 105, kwenye 340 bar, injini haiwezi kusukuma zaidi ya lita 185 hivi kwa dakika, na hapo hatujatoa kinachopotea njiani.

Kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kuiambia pampu "punguza". Mtu huyo ni kompyuta ile nyuma ya kiti. Inasoma mzunguko wa injini kutoka kwa sensa iliyo kwenye nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), inasoma shinikizo, kisha inapeleka mkondo wa umeme kwenye solenoidi iliyo juu ya pampu. Katika mtambo huu mkondo ukiongezeka, pampu inajifinya na kutoa lita chache. Mkondo ukipungua, pampu inafunguka. Ona basi hatari yake: waya ukikatika, pampu haisimami, inafunguka. Opereta anaona injini imezama, anamwita fundi wa injini, fundi anafungua injini.

Nilibandika kipande cha karatasi inayoakisi kwenye puli ya kranki, nikatoa kipima mzunguko changu cha mwanga. Opereta alizima kiyoyozi, akazima ile swichi ya injini kujishusha yenyewe leva zikiachwa, akazungusha swichi ya mafuta hadi mwisho. Oili ya haidroliki ilikuwa nyuzi 52. Bila mzigo injini ilisoma 2,120 kwa dakika. Mkono peke yake ukivutwa hadi mwisho na kushikiliwa, 2,010. Hapo hakuna ubaya. Kisha bumu juu na mkono ndani, vyote vikishikiliwa mwisho pamoja, pampu zote mbili zikiwa kwenye kikomo: 1,380, na moshi. Tulishika sekunde tano tu tukaachilia. Ukishikilia zaidi unachemsha oili bure.

Chini ya kiti, pembeni ya kisanduku cha fyuzi, mtambo huu una swichi ndogo ya dharura yenye kifuniko chekundu. Kazi yake ni hii: kompyuta ikifa katikati ya kazi, unaiwasha, na betri inapeleka mkondo usiobadilika kwenye solenoidi kupitia rizista, bila kuipitia kompyuta. Mtambo unakuwa mzito kidogo lakini unaweza kutoka shimoni. Niliulizia kama kuna fundi yeyote aliyeigusa. Mzee akacheka. "Hiyo mimi mwenyewe sijawahi kuijua ni ya nini."

Tukaiwasha, tukarudia kipimo kilekile, bumu na mkono pamoja. Injini ilishuka hadi 1,900 ikasimama hapo. Moshi ukapungua, ingawa haukwisha.

Kwangu mimi kesi ya injini ilifungwa pale. Injini ileile, dizeli ileile, turbo ileile, oili ileile ya moto. Kilichobadilika ni nani anayeiambia pampu ipunguze. Na swichi ile inatumia solenoidi hiyohiyo na pampu hiyohiyo, kwa hiyo navyo vimetoka kwenye orodha. Kama injini ingeendelea kuzama hata na swichi imewashwa, ningekwenda kwenye solenoidi au ndani ya pampu yenyewe. Haikuzama. Tatizo liko kati ya kompyuta na mahali swichi ile inapoungana na waya wa solenoidi. Mita mbili hivi za waya.

Mama alikuwa amefika, amesimama kwenye ukingo wa shimo na kofia ya plastiki. Nilimpandia nikamweleza. Akaniangalia. "Kwa hiyo kompyuta imekufa? Hiyo ni pesa ngapi?"

"Mama, bado sijasema kompyuta."

Hapa ndipo mtu huingizwa gharama ya pili. Ukishasema "ni upande wa kompyuta", kinachofuata ni kuagiza kompyuta, na kompyuta ya mtambo uliotumika hupatikana kwa bei ya pikipiki, nayo imetumika pia. Kompyuta hii haikuonyesha kosa lolote kwenye skrini. Waya ungekatika kabisa ingesema. Ungegusa bodi ya mtambo ingesema. Kimya chake kiliniambia kwamba umeme unapita, ila haupiti wa kutosha.

Nina plagi mbili kuukuu nilizoziunganisha kwa waya mfupi ili niweze kuingiza mita katikati bila kukata waya wa mwenye mtambo. Niliichomeka kwenye solenoidi, nikaomba kipimo kirudiwe, swichi ya dharura ikiwa imezimwa. Injini ikianza kuelemewa, mkondo ulipanda: miliampia 150, 200, 240. Ukasimama 240, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi, huku injini ikizidi kuzama. Siku iliyofuata asubuhi, mtambo ukiwa baridi, nilirudi kupima tena kwa ajili ya uhakika wangu: kwa kipimo kilekile mkondo ulifika 580 na injini ikashika 1,880. Ndiyo maana wenzangu wa asubuhi walimwona mzee mwongo. Na ndiyo maana kwenye udongo mwekundu haikuwa na shida: mzigo mdogo unahitaji mkondo mdogo, nao ulikuwa ukipatikana.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya volti. Mtambo ukiwa moto, kipimo kikiendelea, pini ya kompyuta ilisoma volti 26. Kompyuta ilikuwa imefungua mkono wote, inatoa kila ilichonacho. Kwenye plagi ya solenoidi nilisoma volti 4. Volti 22 zimepotelea njiani. Fundi akiona hivyo hana haja ya kuhukumu kompyuta. Mwenye mali ametoa, mpokeaji hajapata, basi mwizi yuko barabarani.

Tuling'oa zulia la kebini. Vumbi la chini yake lilikuwa limeshikana na grisi likawa kama ugali wa jana. Kitita cha nyaya kinapita hapo kikiwa kimevishwa bomba la plastiki, na sehemu moja bomba lilikuwa limepasuliwa kwa kisu na kufungwa tena kwa kanda nyeusi. Kanda ile ilikuwa imekakamaa na kung'aa. Niliigusa nikaondoa mkono. Ilikuwa na joto lake, mbali na joto la sakafu. Kipande kidogo tu cha waya, volti 22 na robo ampia, ni wati tano na zaidi, zinaungua saa nane kwa siku ndani ya kanda.

Niliikata polepole kwa wembe. Ndani yake waya ulikuwa umechunwa ganda kiasi cha urefu wa ukucha, na nyuzi za shaba zilikuwa za kijani. Zilizobaki nzima ni tatu, labda nne. Nyingine ziligeuka unga nilipozigusa.

Nikamuuliza mzee: nani alifungua hapa? Akafikiri. "Hapo walifunga kile kidude cha kufuatilia mtambo. Mwaka jana. Halafu mama akaacha kulipia, wakaja wakakitoa."

Ilieleweka. Kifaa kile hupewa waya mmoja wa kukiambia injini inafanya kazi, ili kihesabu saa. Kijana aliyetumwa kufunga alikuwa na tasta mkononi, akatafuta waya usio na umeme injini ikizimwa na wenye umeme injini ikinguruma. Tasta ikawaka kwenye waya wa solenoidi, akauchuna, akasokota wake juu. Kazi yake ilifanya kazi, hata mimi siwezi kumkatalia. Walipokuja kukitoa walivuta waya wao, wakazungushia kanda, wakaenda. Mvua mbili zilizopita, maji ya buti za opereta na joto la sakafu vilimaliza yaliyobaki. Sikumwuliza mama jina la kampuni, wala hakuniambia.

Nilikata kipande kibovu, nikaweka kipya cha unene uleule, nikachomelea kwa risasi, nikavika mpira unaojifinya kwa joto, nikarudisha bomba. Vifaa havikuzidi shilingi elfu moja. Kazi nilitoza siku mbili, na mama alilipa bila kubishana, jambo ambalo si la kawaida.

Tukarudia kipimo mtambo ukiwa moto. Miliampia 580. Injini 1,880. Ndoo ikauma mwamba na injini ikashuka kidogo ikakaza.

Lakini moshi. Ulikuwa umepungua lakini ulikuwa bado mweusi kuliko haki yake, na 1,880 si 1,930 ambayo mtambo wa aina hii huipata. Nikarudi kwenye ile skrubu iliyovunjwa lakiri. Nilimuuliza mama kama alipata maelezo yoyote pampu iliporudi kutoka benchi. "Walisema wameiongezea nguvu kidogo, kwa sababu nililalamika haina nguvu."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko waya. Waya ni bahati mbaya. Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Turbo inafidia sehemu kubwa, si yote. Ukiifungulia injini dizeli zaidi huku hewa ni ileile, huiongezei nguvu, na ukizidisha unaipunguza. Unaiongezea moshi, na joto la ekzosi linalokwenda moja kwa moja kwenye turbo na vichwa vya pistoni. Injini iliyozama kwa mzigo wa pampu ilishughulikiwa kana kwamba ni mvivu, ikalishwa, ikazidi kutapika. Kama ingeendelea hivyo miezi sita, safari hii ningepigiwa simu ya pistoni, na hapo wangekuwa na haki ya kusema ni injini.

Pampu ilishushwa tena, ikarudishwa kwenye benchi kwa vipimo vya kiwandani, na safari hii niliomba karatasi ya matokeo na lakiri mpya. Gharama hiyo mama aliwatwisha wenye karakana wenyewe. Sikuwepo, lakini nilisikia.

Jumanne iliyofuata: bila mzigo 2,120, vyote viwili kwenye kikomo 1,940, oili nyuzi 55, moshi wa kijivu wa sekunde moja kisha hakuna. Mzee alizungusha kebini akanipungia mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye leva. Mtambo wa yule mtu mwingine haukuletwa.

Mama ana ekskaveta ya pili, pacha wa hii, ilikuwa Syokimau kwenye udongo mweusi, haina tatizo lolote. Nilimuuliza kama nayo iliwahi kufungwa kidude. Ilifungwa siku ileile, na kijana yuleyule. Nilikwenda Jumamosi, nikang'oa zulia, nikapasua kanda. Shaba ilikuwa bado nyekundu.